Nani Aliinua Lango? Funzo la Mto Mdogo wa York

Nilipofika York, kaskazini mwa Uingereza, mwezi Septemba 2012 kuanza masomo ya uzamivu, nilikuwa na posho ndogo na haraka kubwa ya kupata mahali pa kulala. Nilipata chumba cha juu katika nyumba ya matofali mekundu iliyobanana na nyumba nyingine za aina yake, katika mtaa mfupi unaotokea barabara ya Huntington. Kodi yake ilikuwa nafuu kuliko mahali pengine pote nilipoulizia. Sikujiuliza kwa nini. Ng'ambo ya barabara palikuwa na maji membamba ya rangi ya chai, yakienda polepole kiasi kwamba bata waliyapita kwa mwendo. Mimi niliyekulia karibu na Rufiji niliyatazama nikadhani ni mfereji wa kutolea maji ya mji. Mama mwenye nyumba, mjane aliyekwisha kuvuka miaka sabini, alinisahihisha siku ileile: "Huo ni mto, kijana. Unaitwa Foss. Usiudharau."

Niliudharau kwa miaka mitatu. Usiku wa tarehe 26 Desemba 2015 uliingia ndani ya nyumba ile bila kubisha hodi.

Ndugu msomaji, leo naomba tuufuate mto huo tangu chanzo chake hadi unapoishia, kisha turudi kwenye usiku ule. Sisemi kwamba mafuriko ya Uingereza ni makubwa kuliko yetu, siyo. Nauandika Foss kwa sababu ulinifunulia jambo moja kuhusu dola na raia wake ambalo nilikuwa nimelisoma vitabuni kwa miaka mingi bila kulielewa. Nauandika pia kwa sababu ulinilazimisha kuyakumbuka maneno niliyomwambia baba yangu mdogo kule Jangwani, Dar es Salaam, Januari 2012, maneno ambayo hadi leo nayaonea haya.

Foss ni mto mfupi. Urefu wake wote ni kiasi cha kilomita 31, pungufu ya safari ya kutoka Posta hadi Kibaha. Unaanzia msituni karibu na kijiji cha Oulston, kwenye vilima vya Howardian, ambako mtu mzima anaweza kuuvuka kwa hatua moja ndefu. Kutoka hapo unashuka kuelekea kusini, ukipita vijiji vya Stillington na Strensall, kisha Haxby na Huntington ambavyo siku hizi vimekuwa kama vitongoji vya mji, mpaka unaingia York yenyewe na kumalizikia katika mto Ouse, mwendo mfupi kusini mwa ngome ya kale. Majira ya joto ya 2014 niliufuata kwa miguu kwa siku mbili, nikiwa na rafiki yangu Mkenya aliyekuwa akisomea jiografia. Nilichokiona zaidi ni ubapa wa nchi. Bonde la York ni tambarare, udongo wake kwa sehemu kubwa ni wa mfinyanzi, na mto ukishatoka vilimani hauna tena mteremko wa kuukimbiza. Mvua ikinyesha siku nyingi na udongo ukishiba, maji hutuama juu ya mashamba yakisubiri zamu yao ya kuingia mtoni.

Lakini hatari kubwa ya Foss haitoki Foss kwenyewe. Ouse, mto mkubwa unaoupokea, hubeba maji ya Swale, Ure na Nidd, mito inayoshuka kutoka milima ya Pennines upande wa magharibi. Mvua ikinyesha milimani huko, Ouse hupanda mita nne, hata mita tano, juu ya kimo chake cha kawaida. Hapo mdomo wa Foss huzibwa. Maji ya mto mdogo hukosa pa kutokea, na maji ya mto mkubwa huanza kuyarudisha nyuma, mtaa kwa mtaa. Rafiki yangu alinieleza jambo hili kwa mfano wa nyumba yenye mlango mmoja unaofungukia uchochoroni: uchochoro ukijaa watu, aliyemo ndani hatoki, na baada ya muda umati unaingia kwake.

Mojawapo ya habari za kale kabisa tunazozisoma kuhusu maji ya Foss kufunika ardhi ya watu haihusu mvua. Inamhusu mfalme. William wa Normandi, aliyeivamia Uingereza mwaka 1066, alijenga ngome York mwaka 1068. Wenyeji walipomwasi, aliamuru Foss uzuiwe karibu na ngome ili maji yake yajaze handaki na kuwa kinga. Nyuma ya kizuizi kile likatokea ziwa kubwa, likaitwa Ziwa la Mfalme. Kitabu cha Domesday, daftari la ardhi na mapato la mwaka 1086, kinataja kwa lugha kavu ya makarani vilivyoharibiwa na ziwa hilo: vinu viwili vipya, shamba la kulimwa, malisho na bustani. Hakisemi waliokuwa wakisaga na kulima pale walikwenda wapi. Hadi leo kuta za kale za York zina pengo upande ule, kati ya Layerthorpe na Mnara Mwekundu, kwa kuwa maji na kinamasi cha mfalme vilitosha kuwa ukuta.

Ziwa lile lilijaa tope karne baada ya karne. Mwaka 1793 Bunge lilipitisha sheria ya kuugeuza Foss kuwa njia ya mashua za mizigo. Hifadhi ya maji ikajengwa kule Oulston ili kuilisha njia hiyo, na baadhi ya kona za mto zikanyooshwa. Reli ya York hadi Scarborough ilipofunguliwa mwaka 1845, biashara ya mashua ikafifia. Wenye mtaji wakahamishia fedha zao kwingine. Mto ulionyooshwa ukabaki kwa wakazi.

Na kwenye ardhi tepetepe iliyopakana na lile ziwa la zamani wakakaa watu wasiokuwa na uwezo wa kukaa pengine. Eneo hilo liliitwa Hungate. Mwaka 1901 Seebohm Rowntree, mtoto wa mwenye kiwanda kikubwa cha chokoleti cha York, alichapisha utafiti wake mashuhuri kuhusu umaskini katika mji huo. Alikuta kwamba asilimia 27.84 ya wakazi wote wa York waliishi katika umaskini, na Hungate ilikuwa miongoni mwa mifano yake ya makazi duni. Sisi tunaofundisha sera za jamii humtaja Rowntree katika mhadhara wa kwanza au wa pili. Nimemtaja mimi mwenyewe mara nyingi, nikiandika ile asilimia ubaoni. Lakini mpaka nilipopita pale kwa miguu yangu sikujua kwamba ramani ya umaskini wake, upande ule wa mji, ilikuwa imekaribiana sana na ramani ya maji ya mfalme. Nyumba za Hungate zilibomolewa katika miaka ya 1930. Siku hizi pamejengwa maghorofa ya kupangisha ambayo mwanafunzi kama mimi asingeyamudu.

Tufike sasa kwenye lango. Januari 1982 Ouse ilipanda, ikaurudisha Foss nyuma, na mji ukapata mafuriko makubwa. Baada ya hapo uliamuliwa ujenzi wa lango la chuma kwenye mdomo wa Foss, nalo likakamilika mwaka 1987. Utendaji wake ni rahisi kuueleza. Ouse ikianza kupanda, lango hushushwa ili maji yake yasirudi nyuma. Lakini Foss nao haukomi kutiririka. Kwa hiyo pampu nane huyanyonya maji ya Foss, wakati ule kwa uwezo wa tani 30 kila sekunde, na kuyamwaga ndani ya Ouse upande wa pili wa lango. Mpango huo ulifanya kazi kwa karibu miaka thelathini. Mwaka 2000 Ouse ilipanda mita 5.4 juu ya kawaida, na lango likastahimili. Watu wakaliamini. Wenye nyumba wakapangisha, wapangaji tukapanga.

Desemba 2015 ilikuwa na mvua zisizo za kawaida kaskazini mwa Uingereza. Dhoruba iliyopewa jina la Desmond ilipita mwanzoni mwa mwezi na kuuacha udongo umeshiba. Kisha ikaja Eva wakati wa Krismasi, na mvua kubwa ikanyesha juu ya ardhi isiyoweza kunyonya tone lingine. Tarehe 26 maji ya Foss pamoja na vijito vyake vya mashariki mwa mji yalizidi uwezo wa pampu. Maji yakapanda nyuma ya lango lililoshushwa, yakaanza kuingia katika jengo lenye mitambo ya umeme inayoendesha pampu na lango lenyewe.

Sisi hatukuyajua hayo. Tulikuwa tumekaa sebuleni, mama mwenye nyumba na mimi, tukila mabaki ya chakula cha Krismasi. Nilitarajia kwamba mafuriko huja kwa kishindo, kama tunavyoyaona kwenye televisheni. Yale yalipanda kutoka chini, kupitia nafasi za mbao za sakafu, kimya kabisa, yakiinua zulia kama mtu anayejigeuza chini ya blanketi. Nilibeba nilivyoweza kupandisha ghorofani: redio, dawa zake, saa ya ukutani ya marehemu mumewe, na albamu nne za picha ambazo aliziulizia kabla ya kitu kingine chochote. Umeme ukakatika. Jirani akapiga kelele kutoka dirishani: "Wameinua lango!"

Mama yule alikuwa ameketi kwenye ngazi, daraja la tano au la sita, albamu mapajani, akiyatazama maji yakifika kwenye kiti chake. Hakulia. Aliuliza swali, na hakuniuliza mimi, aliliuliza giza. "Nani ameliinua? Nataka kujua ni nani aliyeamua, na kama alijua kwamba mimi nipo hapa."

Asubuhi tulitolewa kwa mashua ya mpira.

Maelezo rasmi yalikuja baadaye, na ni vema niyatoe kwa haki. Wahandisi walikuwa na machaguo mawili, yote mabaya. Umeme ukiharibika wakati lango limeshushwa, lango lingebaki limefungwa, pampu zingesimama, na maji yote ya Foss yangekosa pa kwenda kabisa. Wakiliinua mapema, wakati umeme bado upo, maji ya Foss yangepata njia ya kutoka, ingawa Ouse nayo ingepata njia ya kuingia. Walichagua kuliinua. Zaidi ya majengo 600 yalifurika katika mji mzima. Helikopta ya jeshi ikaleta vifaa vya kutengenezea mitambo, na Waziri Mkuu David Cameron akafika kuwaona waathirika. Halmashauri ya mji iliagiza uchunguzi huru, wananchi wakatoa maelezo yao, na ripoti ikachapishwa kila mtu aisome. Mitambo ya umeme iliinuliwa juu ya kimo cha maji, na uwezo wa pampu ukaongezwa hadi tani 50 kila sekunde.

Katika wiki zilizofuata nilihudhuria mikutano ya wakazi, nikikaa viti vya nyuma kama mgeni. Nilichokisikia kilinishangaza. Wengi wa waliosimama, mama mwenye nyumba akiwa mmoja wao, hawakuupinga uamuzi wenyewe baada ya kuelezwa. Walikubali, baadhi shingo upande, kwamba huenda nao wangeamua vivyo hivyo. Kilichowauma kilikuwa kingine. Walitaka kujua kwa nini walipata habari kutoka kwa jirani dirishani na si kwa wenye lango. Walitaka kujua ilikuwaje mtambo uliojengwa kupambana na maji ukawekwa mahali ambapo maji yangeufikia. Walitaka kujua kama hesabu za uwezo wa pampu zilipitiwa upya katika miaka yote ile tangu 1987. Maswali hayo yaliwahusu binadamu waliowahi kukaa mezani na kuamua.

Nikiwa nimekaa pale nyuma, koti la kuazima mwilini, ndipo nilipomsikia baba mdogo.

Mvua za tarehe 20 hadi 22 Desemba 2011 ziliua watu wapatao 40 Dar es Salaam. Nyumba ya baba mdogo, vyumba vitatu na kibaraza kando ya Msimbazi, ilizama hadi usawa wa madirisha. Mimi wakati huo nilikuwa mhadhiri msaidizi, kijana wa miaka thelathini na kidogo, mwenye barua ya udahili wa Ulaya mfukoni. Nilikwenda kumjulia hali nikiwa na mchele, mablanketi, na nasaha. Nilimwambia: "Baba, mliambiwa mhame. Bondeni si mahali pa kuishi binadamu. Mnajitakia, kisha mnaitia serikali hasara."

Hakunijibu papo hapo. Alikuwa akikwangua tope ukumbini kwa kipande cha bati. Aliendelea kukwangua hadi akafika mlangoni, kisha akaegemea fremu. "Mwanangu," alisema, "kiwanja hiki nilikinunua, na mwenyekiti wa mtaa akatia sahihi kama shahidi. Nguzo ya umeme waliileta wao. Kodi ya jengo wanaichukua wao. Wewe uliyesoma hebu niambie: ni nani aliyeamua kwamba hapa ni bondeni, na aliamua lini?"

Nilidhani anakwepa hoja. Nikarudi chuoni, na katika mhadhara mmoja nikamtumia, bila kumtaja jina, kama mfano wa raia anayekataa ushauri wa kitaalamu. Darasa likacheka. Nami nikacheka.

Miaka minne baadaye, mjane wa Kiingereza aliyeketi kwenye ngazi aliuliza swali lilelile, kwa maneno mengine na katika lugha nyingine. Safari hii sikuweza kulicheka, kwa sababu viatu vyangu vilikuwa vimelowa. Nilikuwa nimepanga bondeni. Nilipapanga kwa sababu palikuwa na bei ninayoimudu, hakuna aliyenionya waziwazi, na taa ziliwaka nilipobonyeza swichi. Sababu zangu hazikutofautiana na za baba mdogo hata moja. Tofauti ni kwamba mimi hakuna mhadhiri aliyesimama akasema nilijitakia.

Nilimpigia simu Januari 2016 kumweleza yaliyonipata na kumwomba radhi kwa niliyoyasema. Alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe na wewe ni mtu wa bondeni!" akasema. "Je, uliambiwa uhame?" Nikamwambia sikuambiwa. Akanyamaza kidogo. "Pole, mwanangu. Maji ya huko ni ya baridi." Hayo tu. Alifariki miaka mitatu baadaye, swali lake likiwa halijajibiwa na mtu yeyote mwenye mamlaka ya kulijibu.

Sisemi kwamba watu wakae kwenye njia ya maji. Maji hufuata mkondo, na hakuna hati ya kiwanja inayoyazuia. Ninachosema ni kwamba tunapoyaita mafuriko kuwa ni ya asili tu, au ni kazi ya Mungu tu, tunawafutia kumbukumbu wote walioamua: aliyepima, aliyeidhinisha, aliyetoza kodi, aliyejenga juu ya mkondo, aliyeujua mpango akanyamaza. Tena tunachagua wa kumlaumu. Wakati sisi wasomi tukiwaambia watu wa kipato cha chini kwamba Jangwani hapajengwi, karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa hapohapo Jangwani, na maji yameifuata mara kadhaa. Sikumbuki kumsikia mtu akiiambia karakana kwamba ilijitakia.

Wala sisemi kwamba Waingereza wamelimaliza tatizo. Familia nyingi za York zilikaa miezi mingi nje ya nyumba zao, na wapangaji wasio na bima walipoteza walichokuwa nacho. Lakini kuna mambo mawili niliyoyaona huko ambayo yanafaa kuwekwa mbele ya mtumishi wa umma yeyote anayesoma makala haya.

La kwanza linatoka katika mji mdogo wa Pickering, kiasi cha kilomita 40 kaskazini mashariki mwa York. Mji huo unapitiwa na kijito kilichofurika mara kadhaa, mwaka 2007 kikileta hasara kubwa. Wananchi waliomba ukuta. Waliambiwa ukuta ungegharimu kiasi cha pauni milioni 20, na kwamba mji wao ni mdogo mno kuhalalisha gharama hiyo. Kwa hesabu za kawaida za serikali, mazungumzo yangeishia hapo. Badala yake, tangu mwaka 2009, wataalamu wa vyuo vikuu, wenye misitu na wananchi wenyewe walipanda juu kuelekea chanzo. Waliweka zaidi ya vizuizi 160 vya magogo na matawi ndani ya vijito, vinavyoruhusu maji ya kawaida kupita na kuyachelewesha yanapokuwa mengi. Walipanda miti. Walijenga tuta la udongo linaloweza kushikilia mita za ujazo 120,000 za maji juu ya mji. Gharama yote ilikuwa kama pauni milioni 2. Siku ileile ya Desemba 2015 ambapo sisi wa Foss tulitolewa kwa mashua, Pickering haikufurika. Watafiti walikadiria kwamba kilele cha maji kilipunguzwa kwa asilimia 15 hadi 20. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wale waliambiwa hawatajengewa ukuta, wakaenda kuziba nyufa moja moja msituni. York nayo baadaye ilifuata fikra ya namna hiyo, ikaandaa eneo la kuhifadhia maji ya Foss karibu na Strensall, kabla hayajafika mjini.

La pili ni la kisheria. Aprili 2016 ulianza mpango wa kitaifa wa bima unaoitwa Flood Re, unaowawezesha wenye nyumba zilizo katika hatari ya mafuriko kupata bima kwa bei wanayoimudu. Nyumba zilizojengwa tangu tarehe 1 Januari 2009 hazimo. Anayejenga leo kwenye njia ya maji hawezi kutegemea kwamba wengine watambebea hatari yake, lakini aliyekuta amejengewa zamani hatelekezwi. Hapo dola imejibu, angalau kwa sehemu, swali la baba mdogo: imetaja tarehe. Imesema kabla ya siku hii lawama tutagawana, na baada ya siku hii ulijua.

Wanafunzi wangu wa sasa wanajua kwamba katika muhula wa kwanza nawapa kazi moja isiyo na kitabu. Kila mmoja achague mto au kijito kilicho karibu na anapoishi, autembee tangu anapoweza kufika juu hadi unapomwaga maji, na kila mahali ambapo maji yamezuiwa, yamepindishwa au yamefunikwa kwa zege, aandike mambo matatu: nani aliamua, lini, na aliwaambia akina nani. Wengi hurudi na safu ya kwanza ikiwa tupu. Huja ofisini kwangu wakiwa na wasiwasi kwamba wamefeli. Nawaambia safu hiyo tupu ndiyo matokeo ya utafiti wao.

Kwa ndugu zangu walio katika ofisi za ardhi, mipango miji, maji na serikali za mitaa, sina la kuwafundisha kuhusu maji. Mnayajua kuliko mimi. Ombi langu ni dogo. Mnapolazimika kuchagua kati ya mabaya mawili, kama walivyolazimika wale wahandisi wa York, semeni mmechagua, semeni kwa nini, na semeni mapema kwa yule atakayeamka na maji kitandani. Raia anaweza kuusamehe uamuzi uliomuumiza. Ni vigumu zaidi kusamehe alipofanywa kana kwamba hakuwapo.

Mama mwenye nyumba alirudi nyumbani kwake baada ya miezi tisa. Kuta zilikuwa zimekaushwa na kupigwa lipu upya. Kabla mafundi hawajapaka rangi alichora mstari wa penseli kando ya ngazi, kwenye kimo ambacho maji yalifika, akaandika tarehe, na akawaambia waipake rangi nyumba nzima isipokuwa pale. Nilimuuliza kama haoni kwamba utawafukuza wapangaji. Alinitazama kwa muda. "Wewe nilikwambia usiudharau mto," alisema, "lakini sikukwambia kwa nini. Nilihitaji kodi." Barua yake ya mwisho ilinieleza kwamba chumba changu kimepata mtu mwingine, na kwamba alimwonyesha mstari ule kabla hajapokea pesa yake.